Bunduki Hii Italala Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala patasi. Nilipewa kitako cha bunduki kilichopasuka, nikaambiwa ninuse.

Aliyeniambia hivyo ni Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Vwawa, karakana ndogo ya silaha za askari wa wanyamapori, yenye chumba kimoja, dirisha moja na meza ya mninga iliyochakaa kwa makovu ya msumeno. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza useremala kule misheni ya Mbozi. Nilikuwa na cheti ndani ya bahasha na viatu nilivyovipiga kiwi tangu alfajiri, na nilijiona fundi kamili. Nikanusa, nikasema kinanuka mafuta ya bunduki.

"Basi gundi itashika nini hapo," akauliza, "mbao au mafuta?"

Akanionyesha ile sehemu nyembamba inayoshikwa na mkono wa kufyatulia, tuliyoiita shingo ya kitako. Risasi inapotoka, bunduki hurudi nyuma kwa kishindo, na kishindo chote hupita pale pembamba kabla ya kufika begani. Ndiyo maana ufa hupenda kuanzia hapo. Shingo ile ilikuwa nyeusi tii. Askari walikuwa wakimimina mafuta kwenye chuma, kisha wanaisimamisha bunduki mdomo juu, na mafuta yanateremka polepole mpaka mbao inakunywa yote. Ukipaka gundi juu ya mbao ya namna hiyo umepoteza gundi na siku yako.

Kisha akauliza swali la pili. "Bunduki hii italala wapi?"

"Ghalani, mzee," nikajibu haraka, nikidhani safari hii nimepatia.

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Halafu akanieleza kwa upole kwamba bunduki inatengenezwa hapa juu lakini haiishi hapa. Hapa Mbozi, wakati wa kuchuma kahawa, asubuhi unaongea na mvuke unatoka mdomoni. Ukiteremka bondeni, huko Kamsamba, ni siku ile ile na mkoa ule ule, lakini shati linakugandia mgongoni na ndani ya nyumba ya bati huwezi kukaa mchana. Gundi haichaguliwi kwa meza ya fundi. Inachaguliwa kwa mahali bunduki itakapolala.

Nililielewa swali lile siku ya kwanza, na bado nilikuja kulisahau mara moja. Kusahau huko kulimwachia askari mmoja aitwaye Daudi kovu kwenye shavu la kulia. Mimi kulichoniachia ni neno la kumwambia, ambalo nilikaa nalo miaka mingi bila kulitamka. Naandika kwa ajili ya vijana walioingia kazi hii, lakini sitadanganya, naandika pia kwa sababu ya shavu lile.

Niwaeleze kwanza gundi zenyewe. Wakati ule tulikuwa nazo tatu. Ya kwanza ni gundi ya ngozi, tuliyoipika wenyewe kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto ili isiungue. Inanuka vibaya, wake zetu waliichukia, lakini kwenye mbao safi na mahali pakavu inashika vizuri ajabu, na ukikosea unaweza kuilainisha kwa mvuke ukaanza upya. Ya pili ni gundi nyeupe ya maseremala, ambayo inafaa kiti na kabati. Kwenye kitako cha raifo haifai, kwani ikisukumwa kila mara inaanza kuteleza kidogo kidogo. Ya tatu ni ile ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Hiyo ikishakauka haiogopi maji, inajaza pengo, na joto la bondeni inalivumilia, ila kwenye baridi yetu inakuwa mvivu na huweza kukaa siku mbili bila kushika.

Fundi Mkuu alizijua gundi hizi kama mama anavyowajua watoto wake. Alikuwa Mnamwanga wa upande wa Tunduma, mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, na sijawahi kuona mikono mitulivu kama ile. Mafuta yaliyonywewa na mbao aliyatoa kwa unga wa chokaa uliokorogwa na spiriti. Aliupaka kwenye shingo, akauacha ukauke juani, akaukwangua ukiwa na rangi ya njano, akapaka tena, hata mara sita au saba, mpaka chokaa ilipotoka nyeupe kama ilivyoingia. Gundi aliisukuma ndani ya ufa kwa pumzi ya pampu ya baiskeli. Jiliwa, kile chuma cha kubania mbao mezani, hakuliamini kwenye shingo ya mviringo, akasema linabana upande mmoja na kudanganya upande mwingine. Badala yake alikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akaizungushia shingo kwa kuivuta, ikabana kila mahali sawasawa. Wala hakubana mno. "Ukiikamua gundi yote itoke," alisema, "umeacha mbao mbili zinatazamana tu."

Kulikuwa na desturi moja ya karakana ambayo sijaikuta kwingine. Fundi aliyeunga kitako ndiye aliyepiga risasi tatu za kwanza, shavu lake likiwa juu ya kazi yake mwenyewe. Baada ya hapo anajaza kadi ndogo: namba ya bunduki, gundi iliyotumika, mahali itakapolala, na jina la fundi. Kadi inafungwa kwa uzi na bunduki inaondoka. Nilipopiga risasi zangu tatu za kwanza Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu akanishika bega. Nilimpenda mzee yule. Hakuna neno jingine la kuweka hapo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ilikuwa msimu wa baridi, na Fundi Mkuu alikuwa amevuka mpaka wa Tunduma kwenda kwenye msiba wa shemeji yake. Ikaletwa raifo ya Daudi, shingo imepasuka. Ofisa wa Wilaya, mtu wa haraka aliyetembea huku akiangalia saa, alisimama mlangoni.

"Hiyo naitaka Ijumaa," akasema.

"Gundi ya mirija haitakauka Ijumaa, Bwana Ofisa. Baridi hii ni kali."

"Gundi unayo moja tu?"

Maneno yale yalinigusa kiburi. Gundi ya ngozi haikawii kushika hata kwenye baridi, na ndiyo niliyoiweza kuliko zote, hata Fundi Mkuu alishanisifu. Nikaitoa mbao mafuta vizuri, nikapika gundi, nikaunga, nikafunga tyubu. Kiungo kilitoka kizuri, ukipitisha ukucha husikii kitu. Ijumaa nikapiga risasi tatu nyuma ya karakana, kwenye ubaridi, na kitako hakikutikisika. Kwenye bunduki kulikuwa na kibandiko cha kituo kilichoandikwa Vwawa. Nikakisoma, nikaandika Vwawa kwenye kadi, nikaishia hapo. Daudi alipokuja kuichukua nilimuuliza habari za watoto. Sikumuuliza bunduki italala wapi.

Jumamosi aliteremka bondeni kwa zamu ya kulinda mpunga. Viboko walikuwa wanatoka Mto Momba na kuingia mashambani, na askari walipelekwa kwa zamu kuwafukuza kwa risasi za hewani. Bunduki ikalala wiki nzima kwenye kibanda cha bati, kando ya maji, kwenye joto na unyevu. Siku ya nane kiboko alikaribia watu waliokuwa wanavuna. Daudi akapiga risasi ya kwanza. Ya pili, shingo ikaachia. Chuma kikarudi peke yake, kikampasua shavu na kumng'oa jino. Kiboko akageuka mwenyewe kurudi mtoni. Angeamua vingine, haya nisingeyaandika kwa moyo mwepesi namna hii, na huu wenyewe si mwepesi sana.

Habari zilipofika, Fundi Mkuu alikuwa amerudi. Alipanda gari la idara akateremka Kamsamba peke yake. Siku ya pili alirudi na vipande viwili vya kitako ndani ya gunia, akaviweka mezani mbele yangu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Mbao haikukatika upya. Ilikuwa imeachana kwenye mstari wangu ule ule, na juu yake gundi ilikuwa imevutika na kulainika kama uji uliopoa.

"Uliuliza italala wapi?"

"Sikuuliza, mzee. Nilisoma kibandiko."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunitukana, na wala sikusikia kwamba ameandika barua kwa mtu yeyote. Alichukua kadi mpya, akaijaza kwa kalamu yake, akaifunga kwenye vile vipande, akavitundika kwenye msumari juu ya meza. Upande wa kadi ulioandikwa ulitazama ukuta. Sikuwahi kuugeuza. Nilijua jina langu liko pale kwa herufi kubwa, na kulijua kulitosha.

Daudi alipona, akarudi kazini. Lakini tangu hapo bunduki yake ilipohitaji mkono, alinipita. Ananisalimia vizuri, anauliza nyumbani, kisha anaipeleka moja kwa moja mikononi mwa Fundi Mkuu na kusimama hapo hapo wakiongea. Nikaichukua kuwa ndiyo hukumu yangu. Mtu ana haki ya kuchagua nani aguse mbao atakayoilalia shavu. Kila nilipotaka kumwomba radhi, niliona tayari ameshanijibu, nikameza maneno.

Nilihamishwa Tunduma, kwenye silaha zilizokamatwa mpakani. Huko niliona vitako vilivyofungwa kwa waya, kwa ngozi mbichi, hata kwa lami. Huko pia niliona gundi mpya zikiingia. Mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alinionyesha kichupa kidogo akasema, "Hii bwino sana, mukwai," yaani nzuri sana, bwana. "Dakika moja, kwisha." Nilinunua nikaijaribu. Kwa ufa mwembamba kama unywele inapenya vizuri, sikatai, lakini inakauka ngumu na kavu, na kishindo cha bunduki kinaivunja kama biskuti. Mpaka leo wapo mafundi wanaoitumia kwenye shingo ya kitako, nami nikiwaona najisikia kuwapokonya.

Baada ya Tunduma nilipelekwa Mkwajuni. Huko askari walikuwa wanabeba bunduki kwenye pikipiki kwenye barabara za machimbo, na nyufa zilikuwa za kutikisika tu. Nilijifunza kupitisha pini ya shaba ndani ya shingo kabla ya gundi, na kupaka nta kwenye chuma ili gundi isikishike. Mkuu wa kituo alizoea kusema mimi naongea na mbao kuliko ninavyoongea na watu. Alikuwa na haki.

Fundi Mkuu alipostaafu nilirudishwa Vwawa kukalia kiti chake. Vile vipande vilikuwa bado msumarini. Mwaka haukuisha, mzee akafariki. Tulimzika kwao, na Daudi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Wiki chache baadaye Daudi akaingia karakana na raifo yake.

"Shingo imeanza tena, fundi," akasema, akailaza mezani. "Nilizoea kumpa mzee."

"Nitaitengeneza," nikasema. "Kama unaniamini."

Akanitazama kama mtu ambaye hajalielewa swali. "Nisikuamini kwa lipi? Yule mzee ndiye aliyenikata hapa," akagusa kovu, "na bunduki yangu nilimpa yeye miaka yote. Unajua kwa nini? Alinifuata zahanati kule Kamsamba. Kiti hakikuwepo, akavua kofia akakaa sakafuni. Akasema, 'Mwanangu, kitako kile kimetoka kwenye karakana yangu, kosa ni langu. Nisamehe.' Mtu mzima vile. Wakubwa wangapi umewasikia wakisema hivyo? Nikajiapiza, huyu ndiye fundi wangu."

Nilishika ukingo wa meza. Miaka yote ile nilidhani Daudi ananikwepa, kumbe hakuwa na habari nami kabisa; kadi hakuisoma, akadhani nilimkabidhi tu kazi ya mzee. Alikuwa anamfuata mtu aliyempenda. Na mtu yule alikuwa ameubeba mzigo wangu mpaka kaburini bila kuniambia hata neno. Sijui kama niuite uongo. Karakana ilikuwa yake kweli.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo, ninyi mnaosoma, kwa sababu nilifikiria. Mzee hayupo, kovu limepona, na mwenye kovu ana amani. Lakini alikuwa anataka kuweka shavu lile lile juu ya kazi yangu, na mimi nilijua jambo asilolijua.

"Daudi," nikasema, "gundi ile niliipaka mimi. Mzee alikuwa msibani. Ni mimi ambaye sikukuuliza bunduki italala wapi."

Alitazama mikono yangu, kisha vile vipande ukutani, kisha mikono yangu tena.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Kumbe nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea. Na aliyenikosea kila siku ananiuliza habari za watoto."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Akaichukua raifo akatembea mpaka mlangoni. Nilijua inaondoka, na kazi yangu yote inaondoka nayo. Pale kizingitini akasimama.

"Itakapolala unapajua?" akauliza bila kugeuka.

"Kamsamba. Chini ya bati, kando ya mto."

"Basi utakuja kuipiga huko huko. Si hapa kwenye baridi yenu." Akarudi, akailaza mezani.

Sijawahi kutengeneza kitako kama kile. Chokaa nilipaka mara tisa. Nilipitisha pini ya shaba, nikachanganya gundi ya mirija, ile inayokauka polepole, nikaikoroga na vumbi la mninga ili ifanane na mbao, nikaipuliza kwa pampu ile ile ya mzee. Nikafunga tyubu, nikaweka kitako karibu na jiko la mkaa lenye moto mdogo, nikakiacha siku nne. Ofisa wa Wilaya wa wakati ule, mama mmoja mstaarabu sana, alipouliza itakuwa tayari lini, nilimwambia ikikauka. Akaitikia tu.

Tukateremka bondeni. Bunduki ililala wiki nzima kwenye kibanda cha Daudi, nami nililala humo humo nikitokwa jasho, na mbu wakajilia. Hatukuongea sana. Alipika ugali na samaki, tukala sahani moja. Siku ya nane, kwenye joto la mchana, nikaichukua nikaenda kando ya mto, nikaweka shavu langu, nikapiga risasi tatu. Bega liliniuma kwa uzee. Shingo haikulia.

Nikampa. Aliipapasa pale kwenye kiungo kwa kidole gumba, akatafuta ufa hakuupata. Kisha akainyanyua, akainamisha kichwa, na lile shavu lenye kovu likatulia juu ya mbao. Hakupiga. Alikaa hivyo tu kwa muda, macho yamefumbwa nusu, kisha akaishusha.

"Haya," akasema. "Jaza kadi yako."

Nimestaafu sasa. Nina kahawa kidogo na mgongo unaonisumbua, na Daudi, aliyestaafu kabla yangu, huja siku moja moja tukanywa chai na kumzungumzia mzee kama vile yuko chumba cha pili. Vijana wana gundi nzuri kuliko zetu, na vitako vingine siku hizi ni vya plastiki. Mimi sina ugomvi na plastiki. Ninachowaomba ni lile swali tu, na kwamba mliulize kwa mdomo wenu mbele ya mwenye bunduki.

Siku ya kukabidhi ofisi nilibaki peke yangu karakana kukusanya vitu vyangu. Nikaona haifai kuondoka bila kusoma kile nilichokiogopa maisha yangu yote ya kazi. Nikavitoa vile vipande msumarini, nikaigeuza kadi. Mwandiko ulikuwa wa mzee, mdogo, uliosimama wima. Namba ya bunduki ilikuwepo. Gundi: ya ngozi. Itakapolala: Kamsamba. Na kwenye mstari wa jina la fundi hapakuwa na kitu. Alikuwa ameuacha wazi.

Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu, nikasubiri wino ukauke. Kisha nikavirudisha msumarini, maandishi yakitazama mlango.